Vibendera vya Kona

Habari hii aliyeniambia kwanza ni Subilaga, wifi yangu, alipokuja kututembelea, tukiwa tunachambua maharage ya mbegu. Ilitokea huko alikoolewa. Aliniomba nisitaje jina la mahali, kwa sababu watu wa pale bado wanachunguzana nani amesema nini kwa nani. Nami sitalitaja.

Mtu mmoja alikuwa na kiwanja. Aliitwa Mwandemele. Kiwanja chake kilikuwa ardhi tambarare kati ya vitongoji viwili, kimoja juu ya kijito na kingine chini yake. Angeweza kulima viazi pale, lakini aliwapa vijana wa pande zote mbili wacheze mpira. Sharti lake lilikuwa moja. Yeye atasimamisha magoli, na vibendera vya kona walete wao, viwili kila upande. Alitaka kila upande uwe na kitu chake uwanjani, ili uone uchungu uwanja ukiharibika.

Watu wa Juu na watu wa Chini walikuwa wameoana sana. Wachezaji waliitana shemeji hata walipokuwa wakitukanana. Beki wa Juu aliitwa Lusajo. Mke wake, Tupokigwe, alikuwa ametoka Chini, na kaka yake huyo mke, Ambokile, ndiye aliyekuwa mfungaji wa Chini. Ambokile alikuwa mwashi. Mkono wake wa kulia ndio uliowalisha yeye na mama yao.

Mechi ilikuwa moja kila mwaka, baada ya mavuno. Mwaka wa kwanza vibendera vyote vilikuwa matete ya kijitoni. Vya Juu alivishona Tupokigwe. Alichana utepe kwenye kanga yake nyekundu iliyochakaa, akauzungusha kwenye tete mara tatu, akashona, akaacha ncha ipepee. Mwisho wa mchezo yakazuka maneno juu ya goli lililokataliwa. Kijana mmoja wa Chini aling'oa tete, akamchapa nalo kipa wa Juu mgongoni. Tete likavunjika. Watu wakacheka, na kipa mwenyewe akasema mama yake akishika mwiko huumiza zaidi. Wakaagana.

Walipofika nyumbani hawakucheka tena. Juu walisema kwamba mkono ulioinua tete ungeinua chochote ambacho ungekikuta pale. Chini walisema kwamba Juu hawakukasirika, na mtu aliyepigwa asikasirike ana jambo lake moyoni.

Mwaka uliofuata Juu walileta mianzi. Timu zilipokuwa zikisalimiana, Ambokile aliitazama, akamwambia Lusajo, "Shemeji, vibendera vyenu vimenenepa."

"Upepo, shemeji," Lusajo akamjibu.

Wote wawili wakacheka. Lakini Ambokile aliporudi kwa wenzake alirudi akigeuka nyuma, na Lusajo alimwona akigeuka.

Mwaka mwingine Chini walikuja na miti ya mkaratusi. Walipoulizwa, walisema mbuzi walikuwa wakiangusha mianzi. Hapakuwa na mbuzi pale.  Mwaka uliofuata Juu wakaleta mipini ya majembe, ya mti mgumu, iliyoparuzwa kwa kigae cha chupa mpaka ikawa laini mkononi. Lusajo aliileta nyumbani jioni ili mke wake aishonee utepe. Tupokigwe aliupakata mmoja mapajani na kuusikia uzito wake. Akamwuliza mume wake kwa sauti ndogo, mbona mzito hivi. Lusajo akasema upepo. Utepe haukufika kuuzunguka. Tupokigwe akachana kitambaa kingine, akauunga, akashona. Mshono wake ulikuwa mzuri kama siku zote.

Hapo msidhani kwamba watu wale walikuwa wazembe. Walikuwa waangalifu kupita kiasi. Refa wao, Asajile, hakuwa mtu wa kununuliwa. Kabla ya mechi aliwapanga wachezaji mstari mmoja, akapapasa soli za viatu vyao asije mtu akawa na msumari. Aliwavua pete. Aliwatazama kucha, akaingiza vidole katika nywele zao kutafuta nyembe. Nao kwa upande wao walipekuana hirizi kiunoni. Walichimba mlangoni pa magoli kuona kama kuna kilichofukiwa. Hakuna aliyekunywa maji ya ndoo ya mwenzake. Na muda wote huo vibendera vilikuwa vimesimama pembeni, juani, mbele ya macho ya kila mtu. Refa hakuvigusa. Alisema wachezaji ni wa kupekuliwa, vibendera ni mali ya uwanja.

Mwaka huo mechi ilianza kwa ukimya. Tupokigwe alikaa na wanawake wa Juu, karibu na kona, mtoto mgongoni. Hakuthubutu kumshangilia mume wake kwa sababu ya kaka yake, wala kaka yake kwa sababu ya majirani waliokuwa wakiutazama mdomo wake. Alichokuwa akiomba ni kwamba jioni wote wawili warudi nyumbani wazima.

Kabla ya mapumziko Chini walipata kona. Ambokile aliukumbatia mpira, akaja kuupanga pale pale mbele ya wanawake. Kibendera cha Juu kilikuwa kinambana. Kila mpiga kona anajua jambo hili: unataka nafasi ya kukimbilia mpira, na mti uko mahali mguu wako unapotaka kupita. Ambokile akaushika ule mpini kwa mkono wa kulia ili auinamishe kidogo.

Ni hilo tu alilofanya. Lakini uwanja mzima uliona mtu wa Chini ameshika mti.

Lusajo alikuwa karibu kuliko wote. Alikuja mbio. Ambokile alipoona uso wa shemeji yake aliuachia mpini mara moja, akainua mkono mtupu amwonyeshe kwamba hakushika kitu. Lusajo alikuwa ameshaung'oa. Alipiga mara moja, na aliupata ule mkono uliokuwa umeinuliwa. Tupokigwe alisikia mfupa. Ule utepe mwekundu aliouunga jana yake ulipita mbele ya macho yake.

Kisha kila mtu akakimbia, na hakuna aliyekimbilia golini wala barabarani. Walikimbilia kwenye kona. Kufumba na kufumbua vibendera vyote vilikuwa vimeng'olewa, na mashemeji walikuwa wakipigana navyo. Hakuna aliyeuliza silaha iko wapi. Hakuna aliyeokota jiwe. Kila mmoja alijua pa kwenda, kana kwamba walifanya mazoezi.

Baada ya siku chache Mwandemele aliwaita wote uwanjani kwake. Asajile alisema yeye alipekua kila mtu, na kweli alipekua. Viongozi wa Juu walisema Chini ndio waliomchapa kipa siku ile ya tete. Viongozi wa Chini walisema Juu ndio walioanza kuleta mianzi. Mwandemele akauliza ni nani kati yao aliyejua kwamba ile miti haikuwa ya upepo. Hakuna aliyejua. Walikaa wakitazamana, kila mmoja akichungulia uso wa mwenzake kama utasema kitu.

Ndipo Tupokigwe aliposimama, mtoto akiwa mgongoni vilevile. Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Utepe wangu ulikuwa unazunguka mara tatu," alisema. "Mwaka huu haukufika hata mara moja, nami nikauunga. Nilijua. Nanyi mlijua."

 Halafu kiongozi mmoja wa Juu akakohoa, akasema mambo ya vitambaa yangezungumzwa siku nyingine, sasa lililo mbele yao ni utovu wa nidhamu wa mchezaji. Wakamfungia Lusajo asicheze misimu miwili. Pande zote mbili zilikubali kwamba adhabu hiyo ni kali na ya haki. Vibendera vilikusanywa, vikafutwa damu, vikarudishwa kwa wenyewe.

Mkono wa Ambokile uliunga vibaya. Hauwezi tena kushika mwiko wa uashi, na haufiki mdomoni. Sasa anakula kwa mkono wa kushoto. Wageni wakija hubeba sahani yake akaenda kula nyuma ya nyumba. Bado anamwita Lusajo shemeji, lakini humwita akiwa ng'ambo ya kijito, naye Lusajo huitika kutoka ng'ambo ya pili. Tupokigwe huvuka peke yake kwenda kumwona kaka yake. Akivuka, watu wa Juu hujiuliza amekwenda kusema nini. Akirudi, watu wa Chini hujiuliza amekuja kusikia nini.

Subilaga alipomaliza kunieleza, aliinua ungo, akapepeta maharage, akasema yaliyooza ni machache mwaka huu.  Sikumwambia kwamba Jumapili iliyokuwa inakuja timu yetu ingecheza na watu wa ng'ambo ya barabara, wala kwamba kaka yake, mume wangu, ndiye mtunza vifaa wa timu. Sikumwambia kilichokuwa kimesimama nyuma ya mlango wangu kikisubiri kitambaa. Kitambaa nilikuwa nimekwisha kukikata. Kilikuwa kifupi.

Ndugu zangu, tete lililovunjika mgongoni likachekwa lilikuwa na kosa gani? Nani kwenu ana mti anaouita kwa jina jingine, na nani anaushonea?

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya mume wangu. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikateremka kijitoni kwetu, nikakata matete mawili yaliyonyooka. Nilikaa kizingitini nikayashonea utepe. Ulizunguka mara tatu, ukabaki. Niliyasimamisha nyuma ya mlango. Ile mipini miwili iliyokuwa pale niliikata kwa shoka, nikaiingiza chini ya sufuria ya uji. Ilikuwa mikavu, imetunzwa vizuri, na uji ulichemka upesi.

Mume wangu alitoka akinyoosha mgongo. Alitazama nyuma ya mlango, kisha akatazama mekoni, akautambua mpini kwa ncha iliyokuwa bado haijashika moto.  Nilimmiminia uji, nikamwekea mbele.

"Na upepo je?" akaniuliza.

Sijazoea kumjibu. Lakini asubuhi ile nilimtazama usoni, nikamwuliza, "Upepo gani, Baba Lugano?"