Nani Aende na Kidoti?

Hapo zamani, na si zamani sana, maana waliokuwepo wangali wakisimulia, kulikuwa na maabara ndogo kilimani. Uani palikuwa na banda, na bandani alikaa sungura jike aitwaye Kidoti.

Namkunda ndiye aliyemtunza. Kila asubuhi alimchumia majani ya mchunga, akamwambia, "Umeamkaje, mwenzangu?" Hata leo akipita penye mchunga, hupunguza mwendo.

Siku hizo maabara ilitafuta protini inayoiambia seli, "Ishi, usife." Protini hiyo huamka pale tu inapobandikwa chembe iitwayo fosfeti; isipobandikwa, hulala. Ilitakiwa kingamwili, yaani askari wa damu, ya kuishika ikiwa macho tu, na kingamwili hiyo ingetoka katika damu ya Kidoti.

Namkunda akamlisha. Mzee Mrutu, mchoma sindano wa maabara, akamchoma sindano yenye kipande cha protini iliyo macho, kisha baada ya wiki kadhaa akamtoa damu kidogo sikioni. Bi Sakina, fundi wa kuchuja, akaisafisha damu ili abaki na kingamwili.

Wakaijaribu. Lo! Kingamwili ikashika protini zote, zilizo macho na zilizolala.

"Mzee, ulimchoma uji?" Bi Sakina akamtania.

"Nilimchoma ulichonipa, shemeji. Safisha tena!"

Bi Sakina akajaza protini zilizolala ndani ya mrija, akapitisha majimaji ya damu humo. Kingamwili zisizochagua zikanasa, zinazochagua zikapita. Ila zilikuwa chache mno. Ikahitajika damu nyingine, na Kidoti alikuwa amegoma kula.

"Mtoe damu hivyo hivyo," mkuu wao, Daktari Mshana, akaamuru.

"Simtoi," Mzee Mrutu akajibu. "Nifukuze kazi."

Siku saba Namkunda alikaa bandani, akimlisha jani moja moja kiganjani. Siku ya nane Kidoti akala mwenyewe. Damu ikatolewa, ikasafishwa, ikajaribiwa. Kwenye karatasi ya majaribio ukatokea mstari mmoja tu, mweusi, safi: wa protini iliyo macho peke yake. Walipiga vigelegele hadi wauguzi wa zahanati ya jirani wakaja kuchungulia.

Kazi ikaisha, banda likafungwa. Daktari Mshana akamweka Kidoti kikapuni.

"Amestaafu. Anakwenda na mmoja wenu. Semeni."

Mzee Mrutu akasema, "Mimi nilikataa kumtoa damu akiwa mgonjwa. Angekufa mikononi mwangu. Na tangu mke wangu afariki, nyumba yangu haina wa kusemeshwa."

Bi Sakina akasema, "Poleni, lakini sheria ya maabara mnaijua. Damu ikishindwa, sungura anachinjwa. Ni mrija wangu ulioonyesha kuwa damu yake inafaa, ukamwondoa kwenye kisu."

Wakamgeukia Namkunda. Alikuwa mtu wa haya. Akatazama vidole vyake.

"Mimi sikumwokoa na kisu, wala sikumkatalia mkubwa. Nilikaa naye tu. Lakini kesho asubuhi nikiamka, nitamwamkia nani?"

Daktari Mshana akashika mkono wa kikapu, asijue amkabidhi nani.

Nanyi mliokaa hapa mkisikiliza, mwamulieni. Je, nani alistahili kwenda na Kidoti?