Mtani Aliyefukuzwa Msibani

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika, wakaoana na kuzikana kama sisi, sauti moja ilisikika usiku.

"Kwi!"

Mara moja tu. Kisha kimya.

Pimbi, yule mdogo wa kwenye majabali, aliinuka kitandani. Hakuwa amelala. Kwa miezi minane usingizi ulikuwa ukimpita kama mgeni asiyemjua. Alilitambua koo lililotoa sauti ile, na alijua kwamba mwenye koo sasa amejiziba mdomo kwa viganja viwili. Maana katika nchi ile, kucheka kulikuwa kosa la kufa.

Kulipopambazuka, Fisi alipanda majabali kwa kunyata, mdomo ameufunga kwa kamba ya katani.

"Mmm! Mm-mmm!"

"Fungua kamba nikusikie," Pimbi akasema. "Huku hakuna askari."

Fisi akafungua. "Ndugu yangu, nimekwisha. Nimecheka!"

"Umecheka nini?"

"Si kwa furaha! Unanijua, mimi nikiogopa ndipo kicheko hunitoka. Nilikuwa zamu mlangoni kwa mfalme, Bwana Tembo. Mara nikasikia ndani, puuu! Nyumba nzima ikatikisika. Bi. Tembo ameanguka."

"Ameinuka?"

"Hajainuka. Hali, hanywi, hasemi. Nawe wajua, tembo akilala chini sana, mwili wake mwenyewe humbana mapafu. Jua la kesho halimkuti, Pimbi."

Pimbi akakaa chini. Akatazama mikono yake midogo. Mikono ile ingemwinua nani?

Basi sikieni chanzo chake. Miezi minane nyuma, binti pekee wa Tembo alinasa kwenye tope la bwawa lililokuwa likikauka. Walimvuta tangu asubuhi kwa mikonga, kwa kamba, kwa dua. Jioni walichotoa kilikuwa mwili.

Sasa, ukoo wa Pimbi na ukoo wa Tembo ni watani tangu enzi za mababu. Na kazi ya mtani msibani inajulikana. Wengine wakilia, yeye hufanya mzaha. Kwa hiyo siku ya mazishi, kaburi likiwa wazi, Pimbi aliruka, tumbwi! Akajilaza ndani na kukunja nne.

"Nani kasema shimo hili ni la mtoto? Nimelipanga mimi! Nitoeni kwa kuku wawili, tena wenye mafuta!"

Ndivyo desturi ilivyotaka. Wafiwa wangecheka bila kupenda, kicheko kingelegeza fundo la kifua, na machozi yangepata njia. Siku ya tatu mtani angerudi, angewatania tena, na matanga yangeanuliwa.

Lakini Tembo hakucheka. Alishusha mkonga kaburini, akamkamata Pimbi, akamtupa kwenye miiba, pwaa!

"Anayecheka, anamcheka mwanangu!" alinguruma. "Tangu leo, atakayecheka nitamponda. Na jina la mwanangu asilitamke mtu!"

Matanga hayakuanuliwa. Jina likazikwa pamoja na mwenye jina.

Kitu ambacho Tembo hakukijua ni hiki. Kila asubuhi mtoto yule alikuwa akimbeba Pimbi mgongoni hadi mtoni. Mzaha ule wa kaburini, Pimbi aliufanya moyo ukimvuja damu. Na pale miibani alipotupwa, hakulia. Wala hakulia baadaye. Aling'oa miiba mmoja mmoja, akarudi nyumbani.

Nchi nayo ikaugua. Nyati akakakamaa shingo. Kifaru akawa halali. Vitoto vya swala vikalalamika matumbo, na mama zao hawakuwa na wimbo wa kuwachekesha.

"Twende," Pimbi akamwambia Fisi ghafla asubuhi ile.

"Wapi?"

"Kwa Bwana Tembo."

"Una wazimu! Akikujua atakuponda!"

"Akinijua," alisema Pimbi. "Na akinijua, basi. Mimi sijui kama naishi, Fisi."

Tembo ana macho hafifu, lakini pua yake haidanganyiki. Kwa hiyo Pimbi alijisugua majani ya kivumbasi mpaka akanuka kama kichaka kizima. Akajipaka majivu meupe. Akachota maji ya mtoni kwenye kibuyu, akakiziba kwa gunzi.

Mlangoni walimkuta Nyati.

"Simama! Nani wewe?"

"Mganga wa mbavu."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka zinakotoka mbavu. Uliza swali la tatu, mgonjwa akufie mlangoni, kisha ukamweleze Bwana Tembo wewe mwenyewe."

Nyati akasogea upesi hata akagonga pembe ukutani, ko!

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya nyasi zisizoliwa. Bi. Tembo alikuwa amelala ubavu. Masikio yake, yale mapana yaliyokuwa yakipepea akisimulia jambo, yalitandazwa sakafuni kama mikeka iliyosahauliwa. Pimbi alitaka kugeuka akimbie.

"Waganga saba wamekuja," Tembo akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Saba wameondoka. Wewe una nini cha zaidi?"

Pimbi aliweka sikio kwenye ubavu wa mgonjwa. Akasikiliza kwa muda mrefu, na katika kusikiliza kule hakuwa akiigiza.

"Pumzi inaingia robo, inatoka robo," alisema akibana pua. "Kifua kimekaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Moyo unapiga kwa woga. Damu imezubaa, usingizi umekimbia, njaa imeufuata. Hapa panatakiwa kutikisa mbavu."

"Zitikiswe vipi?"

"Vuta pumzi mpaka tumboni. Kisha itoe vipande vipande. Ha! Ha! Ha!"

Nyumba nzima iliganda. Tembo akainua mguu.

"Hicho ni kicheko!"

"Bwana Mkubwa, kicheko kina furaha ndani yake. Wewe una furaha?"

"Sina."

"Hata chembe?"

"Hata chembe!"

"Basi si kicheko. Ni pumzi. Mbavu hazijui kusoma sheria. Ukizitikisa, zinalegea. Ila mgonjwa hawezi kuanza peke yake. Wa nyumbani mwake lazima wamwanzie, maana jambo hili huambukiza kama miayo. Na asiyefanya ndiye aliyetaka afe."

Alikuwa amemnasa. Tembo akashusha mguu polepole.

Wakajipanga mstari, Tembo, Nyati na Fisi, nyuso zimekunjamana kama watu wanaosubiri hukumu.

"Vuta... Toa!"

"HA. HA. HA," akasema Tembo, kama magogo yanayoanguka.

"Mha. Mha. Mha," akasema Nyati.

 Fisi alikuwa ameuma mkia wake mwenyewe, macho yamemtoka.

"Kwa nguvu zaidi! Kutoka tumboni!"

"HA! HA! HA!"

"Mha! Mha! Mh—" Nyati alisukuma kwa bidii iliyopita kiasi, na pumzi ikakosa njia ya mbele. Pruuuut!



Nyati akatazama dari. "Endeleeni," akasema kwa heshima.

Lo! Fisi akaachia mkia. "Kwi! Kwi-kwi-kwi-hiiii-hi-hi-hi!" Kicheko cha miezi minane kilimtoka kwa mkupuo, akaanguka, akagaagaa, akapiga sakafu kwa makucha.

"Nyamaza! Utapondwa!" Nyati akamkemea, lakini neno la mwisho lilimtoka limepinda, "utapo-ho-ho-ndwa!"

Tembo aliinua mguu kumponda Fisi. Mguu ukabaki hewani, ukitetemeka. Tumbo lake lilikuwa likipanda na kushuka bila ruhusa yake. "Nasema... ha! ... nasema acheni... ha-ha-hoo!" Akajishika ukuta. Ukuta ukapasuka, kraa!

Ndipo kutoka sakafuni ikatoka sauti nyembamba, iliyochakaa kwa kukaa.

"Ni nani huyo?" aliuliza Bi. Tembo. "Fungueni dirisha, jamani."

Ubavu wake ukaruka mara moja. Ukaruka tena. Pumzi iliingia nzima, ikatoka nzima. Kicheko kile kilikuwa kidogo mno, na kabla hakijaisha kiligeuka kuwa kilio.

Tembo akakimbilia kumpangusa uso. Akainama, akavuta hewa kwa kwikwi, na chini ya kivumbasi, chini ya majivu, pua yake ikagonga harufu nyingine. Mkonga ukazunguka kiuno cha mganga, ukamnyanyua mpaka darini.

"Pimbi!"

"Ndimi, mtani."

"Nilikwambia nini?"

"Kwamba utaniponda. Niponde." Pimbi hakujitikisa. "Lakini uliponitupa, hukunitupa mimi. Ulimtupa mwenye kazi ya kuanua matanga. Nyumba yako imekaa msibani miezi minane, mtani. Msiba umemla mkeo. Sasa unakula nchi nzima."

"Na dawa hiyo ya kibuyu?"

"Maji ya mtoni."

Mkonga ukakaza. Mifupa ya Pimbi ikalia, ku, ku.

"Atapona?" Tembo aliuliza. Halikuwa swali la mfalme.

Pimbi angeweza kudanganya. Maisha yake yote alikuwa amedanganya wakubwa na kushinda. "Sijui," akasema. "Kucheka hakujamfufua mtu tangu dunia iumbwe. Kumelegeza kifua, pumzi ikapita, na chozi nalo likapita. Zaidi ya hapo mimi sijui lolote. Nami pia silali."

Mkonga ulishuka. Tembo alimweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, akakaa kando ya mkewe. Machozi yakaanza kumtoka yenyewe, makubwa, bila kelele. Pimbi akafungua kibuyu, akaulowesha ulimi wa Bi. Tembo. Mgonjwa akameza funda moja. Moja tu.

"Pimbi," alisema mgonjwa, macho yamefumbwa. "Unakumbuka alivyokuwa akikanyaga mkonga wake mwenyewe?"

"Nakumbuka. Kisha anageuka nyuma kutafuta aliyemkanyaga."

"Siku moja akakukamata wewe."

"Mimi! Mwenye mguu kama punje ya hindi! Akanishitaki kwa baba yake."

Bi. Tembo akacheka, akalia, akacheka. Pimbi naye akafungua mdomo afanye mzaha mwingine, mzaha usije. Badala yake uso wake uliopakwa majivu ukapata michirizi miwili, na mdogo yule akalia mpaka akashindwa kusimama.

"Tunamsema nani?" Bi. Tembo akauliza kwa udhaifu. "Mbona hamumtaji? Nitaondoka bila kumsikia akitajwa?"

Fisi akatazama chini. Nyati akatazama chini. Hakuna aliyethubutu.

Shikeni hili, watoto wangu: msiba unaonyimwa kicheko hunyimwa machozi pia.

Tembo akainamisha kichwa mpaka paji la uso wake likagusa la mkewe. Akavuta pumzi mpaka tumboni. Ilitoka vipande vipande.

"Mwanamvua," akasema. "Mwanetu aliitwa Mwanamvua."