Siku Kiboko Aliposema Safisha

— Nijenge?
— Jenga.
— Nijenge kwa kitu gani?
— Kwa maneno.
— Yakinipungukia?
— Tutakuletea.

Haya, kaeni. Ulikuwa mwaka wa kiangazi, na maji yote ya nyika yalikuwa yamebaki dimbwi moja. Wanyama walikuwa wakisukumana ukingoni, mwenye pembe anakunywa, asiye na pembe analamba tope. Baraza likakaa, likakubaliana kuwe na zamu. Kazi ya kuandika programu ya zamu akapewa Bi Pimbi, kwa sababu ndiye aliyejua kompyuta.

Pimbi si mkubwa. Akisimama au akikaa, tofauti huioni. Alikuwa na watoto pangoni, na kila alipoingia walimuuliza neno moja tu: lini?

Kompyuta ikawekwa juu ya jiwe kando ya dimbwi, na Pimbi akamweka ndani yake fundi anayeitwa Mjenzi. Huyu Mjenzi haonekani, lakini kazi yake inaonekana. Unamwambia programu yako inahitaji nini, naye anakwenda ghalani kuleta. Pimbi akamwambia anataka kengele. Mjenzi akaenda, chwii, akaleta kengele. Kengele ikataka saa. Mjenzi akaenda, chwii, akaleta saa. Saa ikataka kalenda. Mjenzi akaenda, chwii, akaleta kalenda. Kalenda haikutaka kitu. Basi Mjenzi akaviunga vyote pamoja, ta-ta-ta-ta, programu ikasimama.

Pimbi alikuwa na folda mbili. Moja iliitwa Chanzo, na humo aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Nyingine iliitwa Tayari, na humo Mjenzi aliweka kazi iliyokamilika. Cha ndani ya Tayari hakimlizi mtu, kwa kuwa kikifutwa, Mjenzi anakijenga upya kutoka Chanzo. Hayo Pimbi aliyajua. Kiboko hakuuliza.

Maana Kiboko alikuja, du, du, du, akamsukuma Pimbi kwa pua na kukaa mbele ya kompyuta. Akasema wazi kwamba dimbwi ni lake tangu mama yake, na kwamba programu ya zamu itaandikwa na mwenye dimbwi. Nani angembishia? Mdomo wake ukifunguka, Pimbi na ukoo wake wote wanaenea humo, na nafasi inabaki.

Akaziona zile folda mbili.

"Chanzo," akasoma, akacheka. "Mimi na mwili huu niwe mtu wa kuanza? Mimi ni wa mambo yaliyo tayari."

Akaingia Tayari. Akaandika humo kwa ncha ya jino, ko, ko, ko. Zamu ya asubuhi, Kiboko. Zamu ya mchana, Kiboko. Zamu ya jioni, Kiboko. Akaweka humo na nyimbo za kujisifu. Pimbi alikaa kando ya jiwe akitazama jino likipanda na kushuka.

Kiboko akaona kengele haimfai, akamwambia Mjenzi alete tarumbeta. Mjenzi akaenda, chwii, akaleta. Tarumbeta likataka ngoma. Mjenzi akaenda, chwii, akaleta. Ngoma ikataka jukwaa. Mjenzi akaenda, chwii, akaleta. Na jukwaa likataka nini? Likataka tarumbeta. Mjenzi akarudi kwenye tarumbeta, tarumbeta likamtuma kwenye ngoma, ngoma ikamtuma kwenye jukwaa. Chwii, chwii, chwii. Kompyuta ikaanza kunguruma, vuuu, ikawa moto.

Na wanyama walikuwa wamekwisha kusanyika, kwa kuwa Kiboko mwenyewe ndiye aliyewaita. Alikuwa amesimama mbele yao akaapa kwa meno yake kwamba atakayeitwa na mashine ndiye atakayekunywa, na asiyeitwa asisogeze hata kwato, naye pia amo katika kiapo. Ngiri alimfanya akirudie, ili na wa nyuma wasikie. Akakirudia kwa furaha.

Sasa jua linapanda, mashine inanguruma, hakuna anayeitwa. Kiboko akainama.

"We Pimbi," akanong'ona, na mnong'ono wa Kiboko unafika ng'ambo. "Hiki kitu chako kina nini?"

"Kinazunguka, mzee wangu. Tarumbeta linasubiri jukwaa, jukwaa linasubiri tarumbeta."

"Kitengeneze."

Pimbi akawakumbuka watoto wake. Akashusha macho.

"Mimi najua kusema jenga tu, mzee. Liko neno jingine linalotangulia, lakini si la saizi yangu. Hilo ni la wakubwa."

"Neno gani?"

"Tuliache. Nitakuja kulaumiwa."

"Nakuuliza neno gani."

"Safisha," akasema Pimbi. "Mkubwa husema safisha, kisha jenga. Lakini nakuomba, mbele ya hawa wote, usiliseme. Likishasemwa halirudi nyuma."

Kiboko akawageukia wanyama. "Mmesikia? Kapimbi kananichagulia maneno."

Akaandika safisha.

Fyuuu. Mngurumo ukakatika. Kiboko akatabasamu, akaandika jenga. Mjenzi akaenda Chanzo, akasoma alichokikuta. Chwii, kengele. Chwii, saa. Chwii, kalenda. Ta-ta-ta-ta. Kisha kengele ikalia, ngee, na sauti ikasema:

"Zamu ya Pimbi na watoto wake."

Kiboko akafungua Tayari. Akatafuta zamu zake, akatafuta nyimbo zake. Akafunga, akafungua tena.

"Vitu vyangu viko wapi?"

"Umevisafisha, mzee wangu," akasema Pimbi. "Nilikuomba."

Kiboko akafungua mdomo. Ngiri akamwambia ayaangalie hayo meno, ndiyo aliyoyaapia. Mdomo ukafungwa.

Pimbi akaenda pangoni kuwaita watoto. Wakanywa mpaka matumbo yakalia kwa-kwa-kwa. Wakafuata digidigi, wakafuata ngiri, wakafuata nyumbu. Jua lilipokuwa linazama, kengele ikalia, ngee.

"Zamu ya Kiboko. Wa mwisho, kwa sababu akiingia hatoki."

Akaingia. Na kweli hakutoka, yumo mpaka leo, matope mpaka masikioni, na ukimtajia neno kusafisha anazama.

Funzo, wanangu, ni kwamba usafi una hasara. Tazameni Kiboko: alisafisha mara moja tu katika maisha yake, akapoteza kila kitu. Kwa hiyo mama akikuambia ufagie chumba, mweleze taratibu kwamba hii ni hatari, na useme umeambiwa na mimi. Lakini msimwonyeshe ninapokaa.

— Nimejenga?
— Umejenga.
— Basi nisafishe?
— Usisafishe.