Kaburi la Mzee Mkongo

Ngano, ngano!

— Ilete tuionje!

Na wewe unayetafuna huko nyuma, umeitikia? Haya.

Palikuwa na msitu uliohifadhiwa, na mlangoni kibao: USIKATE MTI. Humo miti ya mikongo ilikuwa imekwisha, umebaki mmoja tu. Kwenye tundu lake aliishi Mama Kindi na wanawe wanne wachanga.

Siku moja akaja Tembo. Tu! Tu! Tu! Akala majani ya chini, yakaisha. Akayataka ya juu. Akaegemeza paji la uso kwenye shina.

"Mtani!" akaita Kindi. "Kibao hukukiona?"

"Kimesema nisikate. Mimi nasukuma."

Kindi akawawaza wanawe waliomo tunduni. Lakini yeye na Tembo ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hakosi la kusema. Akaangua kilio: "Uwiii! Mzee Mkongo anatutoka! Mtani, utamwangusha bila kumchimbia kaburi? Msitu mzima utakucheka!"

Tembo huyo anaogopa aibu kuliko njaa. Akachimba kwa pembe zake. Chaku! Chaku! "Limetosha?"

"Mzee mrefu huyo. Ongeza."

Chaku! Chaku! "Limetosha?"

"Ana mizizi huyo. Ongeza."

Chaku! Chaku! Ulimi nje. "Limetosha?"

"Limetosha," akasema Kindi. Akarukia ndani, akalala chali.

Loo! Na desturi mnaijua: mtani akilala kaburini, hakuna maziko mpaka apewe anachotaka.

"Toka, mtani. Unataka nini?"

"Nataka Mzee azikwe siku atakayokufa mwenyewe."

Tembo akatazama huku na huku. Nyani, swala, nguruwe, wote wamekuja msibani, wanamsubiri. Wewe ungemkatalia mtani mbele za watu?

"Umenipata," akasema Tembo. "Chukua mti wako."

Kindi akatoka, akadondosha humo mbegu ya mkongo, nyeusi, yenye kofia nyekundu. "Kaburi halifukiwi tupu, mtani." Tembo akafukia, na mvua ikanyesha.

Ule mkongo wa pili mnaoupita mkienda kisimani, ndio huo. Mimi kila nikiupita nasema: ahsante, Mama Kindi. Nawe Tembo, ahsante kwa kuchimba. Nashukuru kweli, msinicheke.

Fundisho: mtoto mwema hamdanganyi mkubwa wake. Hata kidogo! Labda amkute ameegemea mti.

Ngano naifukia hapa!

— Na iote!