Nishani Kifuani pa Bwana Ghalib

Bwana Ghalib wa Tanga alikuwa na uchu wa nishani za kale za wafalme wa Ulaya. Alipokwenda kwenye matanga ya babu wa Bi Mwanahawa, alitoka na nishani ya marehemu mfukoni. Baadaye akaivaa karamuni kwake.

"Mfalme alimtunuku babu yangu!" aliwatambia wageni.

Bi Mwanahawa akasogea, akaitazama. "Hongera, bwana. Hii walipewa waliombebea mfalme chombo cha haja safarini. Kumbe babu yako ndiye aliyekuwa akikimwaga!"

Wageni wakaangua kicheko; mmoja akaziba pua.

"Astaghfirullah! Si babu yangu, ni wako! Niliitoa sandukuni mwenu!"

"Mmemsikia wenyewe," alisema Bi Mwanahawa, akaibandua kifuani pake. "Babu alikuwa mkalimani. Hicho chombo nimekibuni hapo mlangoni kwako."