Ng'ombe Mmoja na Gogo la Mkaratusi

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi ya leo si ya kulalia, ni ya kuamulia, na atakayesinzia atafungwa na hukumu ya jirani yake. Kazi yangu ni kusema yaliyotokea. Kuyamaliza kumenishinda, na ndiyo maana nimewaita.

Katika mlima mmoja wa migomba na chai, mahali ambapo mvua haijui likizo, walikuwapo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Bibi Atuganile, mjane aliyenoa mikasi ya wachuma chai kwa miaka thelathini. Nguvu za kubeba ndoo zilikuwa zimemwisha. Lakini mpe chuma butu na tupa, atapitisha kidole gumba kwenye makali, kisha akuambie aliyekinoa mara ya mwisho alikuwa na haraka au alikuwa na hasira.

Wa pili ni Lusajo, fundi wa mashine za kusaga, na kipaji chake kilikuwa sikio. Alikuwa akipita barabarani, injini ikikohoa ndani ya nyumba ya watu, anapaza sauti, "Safisheni plagi hiyo!" na anaendelea na safari yake. Mwezi uliotangulia, mkanda wa kinu ulikuwa umemkamata mkono wa kulia. Tangu hapo mkono ulining'inia shingoni kwa kitambaa, umevimba, na alikuwa hataki mtu ausogelee kwa sababu ulianza kunuka.

Wa tatu ni Mzee Gwamaka, mpasua mbao wa enzi za msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni. Macho yalikuwa yameingia ukungu na hayakuona tena. Hata hivyo, ukimpeleka kwenye mti ulioanguka, akaugonga kwa mpini wa panga, alikuonyesha mahali unapobanwa na mahali unapovutwa kana kwamba mti wenyewe umemnong'oneza.

Sasa njooni kwa Sekela, maana mzigo wa hadithi hii ameubeba yeye.

Sekela alikuwa mke wa Ambakisye. Walikuwa na watoto wanne, ng'ombe mmoja mweupe aliyeitwa Yange, na msumeno mdogo wa mashine, ule wa kupogolea matawi, ubapa wake mfupi kama mkono wa mtoto. Kwa msumeno huo Ambakisye aliangusha miti ya watu na kulisha nyumba. Alikuwa mchapakazi, hilo simnyimi. Ila alikuwa mtu wa kukamia. Mashine ikigoma kukata, yeye aliilalia kwa kifua.

"Baba Lwitiko, hiyo cheni imekuwa butu," Sekela alimwambia asubuhi ile. "Tazama, inatoa unga. Zamani ilitoa vipande."

"Nimeinoa jana."

Ni kweli aliinoa. Meno ya upande wa kulia, ambayo mkono wake uliyafikia vizuri, aliyapitishia tupa mara tano tano. Ya upande wa kushoto, ambayo yalimlazimu kugeuka, aliyapitishia mara mbili mbili akasema inatosha. Msicheke. Nani kati yenu hajawahi kusema inatosha?

Cheni yenye makali upande mmoja haikati moja kwa moja, inapinda. Ambakisye aliingia kwenye mkaratusi mnene uliokuwa kando ya mfereji, mashine ikapinda, akailalia, ikapinda zaidi. Mti ulipoanza kwenda haukwenda alikopanga. Ulizunguka kwenye kisiki, ukamtupa mferejini, ukalala juu ya mapaja yake. Shina lilikaa kwenye ukingo wa huku, kilele kwenye ukingo wa kule, katikati ukabonyea na kumgandamiza matopeni.

Sekela alikuwa akimchunga Yange jirani. Alifika akakuta mumewe yu hai, macho yamemtoka, maji ya mfereji yamemfika kiunoni. Na mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Aliiwasha mashine mwenyewe. Ilimtapikia moshi wa buluu, ikakuna gamba, ikazima. Aliiwasha tena, ikala unene wa kidole, ikanaswa. Wakati huo alimchukia Ambakisye kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, na alikuwa akilia huku akimwita kwa majina yote ya mapenzi.

Wanaume wote wenye nguvu walikuwa msibani ng'ambo ya bonde. Alikimbia hadi njia panda akawapata watatu tu: Bibi Atuganile anatoka kazini na mfuko wake wa tupa, Lusajo anatoka zahanati alikoambiwa hakuna dawa ya mkono ule, na Mzee Gwamaka ameketi kibarazani kwake kando ya njia. Waliongozana naye. Walifika mferejini. Lusajo ndiye aliyesema.

"Shemeji, sisi si watu wa kazi hii. Tusubiri watu warudi msibani."

"Maji yamefika tumboni, Lusajo!"

"Nayaona. Lakini mimi nina mkono mmoja," alisema, na akageuka kama mtu anayetaka kuondoka asione mwisho.

Hapo ndipo Sekela alipofanya lile jambo. Alikivua kitambaa cha kichwani akakifunga kwenye pembe ya Yange mbele ya mashahidi wote watatu.

"Atakayemtoa mume wangu akiwa hai," alisema, "mtu huyo mmoja, ng'ombe huyu ni wake."

Katika mlima ule, kitambaa kikishafungwa kwenye pembe hakifunguliwi na aliyekifunga. Ng'ombe wa nadhiri hachinjwi, hauzwi, hagawanywi mpaka akabidhiwe mtu mmoja; huyo ndiye mwenye kumuuza au kumfuga. Na tangu dakika hiyo hadi atakapokabidhiwa, nyumba iliyomtoa hainywi maziwa yake hata tone, wala haimgawii mtu. Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu. Alisema "mtu huyo mmoja" kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye mgongo wa Lusajo, mtu pekee aliyejua mashine. Hakufikiri wengine wana la kufanya.

Lusajo alirudi.

Bibi Atuganile ndiye aliyetangulia kuishika mashine. Alipitisha kidole gumba kwenye meno akatikisa kichwa. "Haraka," alisema. Alikaa kwenye matope, akaibana mashine kwa magoti, akachagua tupa ya duara inayolingana na tundu la jino. Kila jino alilisukuma mara tatu, kwenda mbele tu, kwa mlalo uleule. Alimaliza meno ya kulia, akageuza, akafanya ya kushoto sawasawa. Kisha akachukua tupa bapa na kuvipunguza vile vinundu vinavyotangulia kila jino, maana vikibaki virefu jino linateleza tu juu ya mti. Ambakisye alikuwa akipiga kelele kwamba afanye upesi. Bibi hakuharakisha hata jino moja, na maji yalipanda hadi kwenye mbavu.

Cheni ilipokuwa tayari, injini haikukubali kuvuta. Lusajo aliinamisha kichwa akasikiliza. "Inakabwa," alisema. Alimwagiza Sekela, yeye akielekeza kwa mkono mmoja: fungua kifuniko, toa chujio la hewa, kung'uta, osha kwa petroli. Chujio lilikuwa limeganda vumbi la miezi. Plagi ilitoka nyeusi, akaisugua kwenye kisigino cha kiatu hadi ikang'aa. Alinusa mafuta kwenye tangi akatema mate, akayamwaga, akachanganya mengine kwa kipimo, maana Ambakisye alikuwa akizidisha oili akidhani anaitendea mashine hisani. Mwisho alizungusha parafujo ya kabureta kidogo, akasikiliza, akairudisha kidogo. Mashine iliacha kukohoa, ikaimba. Maji yalikuwa kifuani.

Nani akate? Bibi hana nguvu, Lusajo hana mkono, Mzee hana macho. Sekela aliinyanyua mashine mwenyewe akaipeleka pale alipoanzia mwanzo.

"Hapo hapana, mama!" Mzee Gwamaka alimshika begani. "Ukimalizia hapo, gogo lote linamkalia. Utamkata mumeo bila kumgusa."

Aliagiza mawe na vipande vya magogo, vikashindiliwa huku na huku kwa Ambakisye ili gogo likikatika lipate pa kukaa. Akatembea juu ya shina kwa magoti, anagonga, anatega sikio, anagonga. "Hapa juu mti unabanwa. Kata juu kina cha kiganja tu, kisha tia kabari, usiache mti uung'ate ubapa. Halafu pita upande wa pili, maana mashine yako haifiki. Halafu maliza kutokea chini kwenda juu." Alichora alama kwa panga mahali pawili. Sekela alikata pale penye alama, si kwingine.

Vipande viliruka vikubwa, vyeupe, vikimpiga usoni. Msumeno ule mdogo, uliodharauliwa na kila mwenye mashine kubwa, ulikula mkaratusi kama mtu anayekata ndizi. Kipande cha kwanza kiliachia kwa mlio. Alama ya pili aliimaliza maji yakiwa shingoni mwa Ambakisye, Lusajo amepiga magoti majini akimwinulia kidevu kwa mkono wake mzima. Gogo likakaa juu ya mawe kama Mzee alivyosema. Walilisukuma kwa mti, wote wanne, wakamvuta.

Alitoka hai. Ninyi mnaotaka kupiga makofi, ngojeni.

Mifupa ya miguu ilikuwa imesagika. Tabibu aliyekuja kuitazama alisema Ambakisye hatasimama tena, wala hatapata nguvu ya kushika jembe akiwa amekaa. Nyumba ya watoto wanne ilibaki na mikono miwili ya Sekela, na ng'ombe ambaye hawakuruhusiwa kumkamua kwa ajili yao. Kila asubuhi alimkamua, kwa sababu ng'ombe asipokamuliwa anaumwa, kisha akamwaga maziwa kwenye shina la mgomba. Watoto walisimama mlangoni wakitazama yanavyozama ardhini. Mdogo wao alianza kwenda pale mgombani kulamba majani, na Sekela akampiga, kisha akakaa chini akalia.

Alikwenda kwa wazee wa ukoo kuomba nadhiri ifunguliwe. Walimwambia, "Ulisema mbele ya mashahidi. Mume ulitaka akiwa hai, umempata akiwa hai. Hukusema akiwa mzima."

Akawaita wale watatu.

"Mwanangu," alisema Bibi Atuganile, "ningekuwa peke yangu ningekuachia. Lakini mjukuu wangu ana miezi minane, mama yake tulimzika, na mimi namnywesha maji ya uji. Bila tupa yangu mngekuwa bado mnakuna gamba. Nipe nisimzike na huyu."

Lusajo alifungua kitambaa cha mkono kwa mara ya kwanza, wote wakageuza nyuso. "Hospitali ya mkoa wanasema upasuliwe mwezi huu, au ukatwe. Sina kitu cha kuuza, ila ng'ombe huyu nikikabidhiwa. Nilipiga magoti kwenye maji machafu na kidonda hiki, na tangu siku ile umekuwa mbaya zaidi. Siombi kwa tamaa, shemeji. Injini haikuwaka mpaka nilipoishika."

Mzee Gwamaka alipapasa mpini wa panga lake. "Mimi sina mtoto wala kidonda," alisema. "Nitafanya nini na ng'ombe, kipofu mimi? Lakini mwanangu, miaka saba hakuna mtu aliyeniita kwenye kazi. Ukimpa mwingine, mlima wote utasema nilikuja kuota moto tu. Na bila mimi, mashine kali na injini nzuri zingemuua mumeo upesi zaidi."

Kutoka ndani, mkekani, Ambakisye alicheka kicheko kibaya. "Mashine aliishika nani? Si wewe, Mama Lwitiko? Ng'ombe ni wako. Kama hawataki, wanirudishe mferejini."

Wazee wa ukoo, walipoulizwa, walisema mtu hawezi kujiwekea nadhiri akajilipa mwenyewe, lakini hata wao waliposema hivyo walikuwa wakitazama chini.

Wakampa siku tatu za kuamua, na leo ni ya tatu. Amesimama uani ameshika kamba ya Yange. Watatu wamesimama mbele yake. Watoto wanne wamesimama nyuma yake, na tangu jana mchana hawajatia kitu mdomoni.

Haya, wenye midomo. Usiniambie wagawane, hagawanywi. Usiniambie wauze, hauzwi. Usiniambie wasubiri, maana mtoto mchanga hasubiri, mkono hausubiri, na njaa haijui kusubiri. Nataka jina moja. Na ukishalitaja, inuka uende pale uani, ukawaambie wale wengine kwa mdomo wako mwenyewe. Je, utamtaja nani?