Mama Aliyekataa Kusema Basi

Paukwa!

Pakawa!

Na wewe uliyebetua midomo kabla sijaanza, tulia. Ulikuwapo? Hukuwapo. Basi sikiliza, na ubishi wako urudi nao kwenu.

Hapo kale, mwaka wa ukame, paliishi mama mzee, Bibi Nambunga. Mwana wake alikuwa mmoja tu, Namkuna. Kijana wa jirani, Chikawe, akampiga rungu la kichwa, pu! Akafa. Sababu? Kibuyu cha maji. Kibuyu kimoja, na nusu yake ikamwagika.

Desturi yao ilikuwa hivi. Aliyeua hujichimbia kaburi. Mama wa marehemu hukaa ukingoni. Mwuaji huchimba mpaka mama aseme, "Basi." Akishasema, wanaume humfukia humo humo, angali hai.

Chikawe akashika jembe. Chu! Chu! Chu! Shimo likamfika magotini. Likamfika kifuani. Likampita kichwa. Watu wakamtazama mama. Mama kimya.

"Mama, sema basi," Chikawe akalia kutoka chini. "Nimechoka."

"Umechoka? Mwanangu hachoki tena. Chimba."

Siku ya pili, chu! chu! chu! Wanaume wakivuta udongo kwa vikapu, wananung'unika.

"Bibi, unamtesa mtoto wa watu. Mmalize."

"Huruma hiyo mmeitoa wapi? Juzi mlikuwa mnanoa majembe ya kumfukia."

Jioni Bibi akamteremshia Chikawe uji kwa kamba. Asubuhi, chimba.

Siku ya saba jembe likalia vingine. Chubwi! Maji yakamfika Chikawe vifundoni, yakapanda. Wakamvuta juu mbio mbio, maana nani atazika mtu kwenye maji ya kunywa?

Vigelegele! Ngoma! Mpumbavu mmoja akapaza sauti, "Asifiwe Mungu aliyemchukua Namkuna, sisi tupate maji!"

Bibi Nambunga akainuka. "Koma! Kuua ni kazi ya Chikawe. Maji ni kazi ya Mungu. Usimshikishe Mungu rungu."

Ngoma ikakoma. Mmoja akauliza, "Kumbe ulimsamehe, Bibi?"

"Nilitaka afe. Kila nikifungua mdomo, neno linakwama kooni. Aliyelishika si mimi."

Chikawe akachota maji, akapiga magoti, akampa kwa mikono miwili. Bibi akanywa.

"Matamu?" wakauliza.

"Machungu," akasema. Kisha akamgeukia Chikawe. "Lete mengine."

Mnataka funzo? Haya. Hata pale msalabani, waliopigilia misumari walipigilia kwa ubaya wao wenyewe. Wokovu ukapita papo hapo, na mama mtu bado alilia. Mungu hutoa maji shimoni. Hakusema shimo ni zuri.

Ngano yangu imekauka hapo. Msiniulize kama moyo wa Bibi ulipona. Haukupona. Natoka, na mlango naufunga nikiwa nje.

Pa!